Kutoka fakilite mpaka kilimani: namna ya kupanga sorti ya kufundisha wakulima wa migomba

Jambo wandugu. Wadogo zangu wa agronomi hapa Bukavu wamekuwa wakiniuliza namna ya kupanga ile sorti, yaani safari ya kufundisha shambani, ya kwenda Kabare ao Walungu (teritware za jirani) juu ya mnyauko wa migomba, ule wengi wanauita kirabiranya, na juu nimetoka kusaidia timu moja kuanzia maandalizi mpaka mwisho, nimeona bora niandike yote hapa. Kama wewe ni wa afya ao wa mifugo, soma hatua ya 4 tu, hiyo itakufaa hata wewe.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa wenyewe

Ni bakteria. Wataalamu waliuandika mara ya kwanza mwaka 1968 kule Ethiopia, huku kwetu Kongo ukaonekana Masisi mwaka 2001, kisha ukashuka mpaka Kivu ya Kusini. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Majani yanakuwa manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati tena bila mpangilio, ukipasua moja ndani iko na rangi ya kutu. Ukikata shina, subiri dakika chache: ukiona usaha wa manjano unatoka, njo wenyewe. Ule mnyauko mwingine wa Fusarium, unaoletwa na kuvu, hautoi usaha, usivichanganye.

Hatua ya 2: Karatasi na salamu

Karatasi ya misyo (ruhusa ya safari) yenye kashe (muhuri), upite sheferi (ofisi ya utawala wa kimila), kisha kwa shefu wa kijiji, kisha kwa monitere wa kilimo (afisa ugani). Uliza pia habari ya barabara asubuhi ile ile ya safari, si jana yake. Na usalimie kwa Mashi, lugha ya huko, hata kama unajua "asinge" tu.

Hatua ya 3: Siku

Si siku ya soko. Mwezi wa 9 na wa 10 asubuhi mama wote wako wanapanda maharagi, usiwasumbue. Tangazo lisomwe kanisani, linafika mbali kuliko banderole (kitambaa cha tangazo), na hizo banderole mimi sizipendi kabisa, pesa yake ingenunua mapanga.

Hatua ya 4: Nani anakuja

Hapa tukae kidogo, juu hapa njo sorti nyingi zinapotea. Ukimwambia shefu "tunaomba wakulima", atakuletea wenye mashamba, wazee wa heshima, watakusikiliza vizuri, watapiga makofi, na wakirudi nyumbani panga, lile linalobeba ugonjwa, haliko mikononi mwao. Swali la kuuliza ni hili: mu kilima hiki, panga la nani linatoka shamba moja na kuingia lingine? Kuna kijana wa kibarua, leo analima kwa huyu, kesho anapogolea yule. Kuna mnunuzi wa ndizi za kasiksi (pombe ya ndizi), ananunua mkungu ungali juu, anaukata mwenyewe, anaenda kwa jirani na panga lile lile lenye utomvu, sawa na muuguzi anayedunga kijiji kizima kwa sindano moja. Kuna anayezunguka kukata majani. Hao hawaitwi ku mkutano, na hao njo wanatembeza ugonjwa kuliko mtu mwingine yeyote.

Namna ya kuwapata: nenda kwa mama wanaotengeneza kasiksi, uliza nani anawaletea ndizi. Watakutajia. Mnunuzi mfuate barabarani, usimngoje chini ya mti, na usimshitaki mbele ya watu kwamba yeye njo analeta ugonjwa, atakukimbia na wenzake wote watakukimbia.

Kijana wa kibarua, akija kukusikiliza anapoteza mshahara wa siku, na yeye anakula kwa hiyo siku. Mimi napenda tumlipe afanye kazi yenyewe ya kukata mu shamba la mfano, kwa bei ya pale pale kijijini. Hiyo ni bora kuliko kugawa perdiemu (posho ya siku), juu ukigawa perdiemu kwa kila mtu, timu itakayokuja nyuma yako itakuta watu wanauliza bahasha kabla ya kusikia hata neno moja. Mpango wa malipo uupatanishe na shefu mapema, usije kuupanga mbele ya umati.

Tena kuna jambo la udongo. Mama anayekuja kusikiliza anaweza kuwa analima kwa bwasa, yaani amekodi kipande kwa msimu, anaruhusiwa maharagi na mihogo, migomba si yake. Mwenye migomba ni mwenye kalinzi, yaani mwenye haki ya kudumu ya kimila ku udongo ule. Ukimwambia huyo mama "kata hili shina", umemtia mu palabra (ugomvi) na mwenye shamba, na wewe jioni uko umerudi Bukavu. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu uliza, "Mama, huu mgomba ni wa nani?" Kama baba yuko mjini ao ku machimbo, mpigieni simu hapo hapo mkiwa mbele ya mgomba, sauti iwe juu, wote wasikie akikubali. Akikataa, hamkati, mnahamia shamba lingine.

Hatua ya 5: Kuonyesha

Hakuna projekta. Mnasimama shambani.

Watu wengi walishaambiwa zamani wang'oe tungu zima, yaani shina mama na machipukizi yake yote, na walikataa, na walikuwa na haki: kung'oa ni kazi ya kuvunja mgongo na ni kukaa muda mrefu bila ndizi. Waambie mbele kabisa kwamba hamjaja kung'oa. Unakata shina lenye dalili tu, chini kabisa usawa wa udongo, mara linapoonekana, juu bakteria haiingii mu machipukizi yote ya tungu kwa mara moja. Lililokatwa libaki hapo hapo mu shamba, msilivute kupita kwa jirani, mbuzi wasipewe.

Panga: moto. Chukua mapanga mawili, moja liko kwa moto wakati lingine linakata, hivyo kazi haisimami. Wazee watasema moto unaua makali. Waonyeshe kwamba si lazima liwe jekundu, linatosha likiwa la moto usiloweza kushika. Javeli (dawa ya kung'arisha nguo) pia inafanya kazi, kopo moja kwa makopo matano ya maji, lakini javeli iliyokaa juani mu kibanda imekufa nguvu, na inaleta kutu. Makala ya kuwasha moto yako kila nyumba. Mimi nachagua moto.

Ua lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, livunjwe kwa mti wenye panda, si kwa panga, mara kole (chane) la mwisho likishatokea, juu wadudu wanapita hapo. Mkungu haupungui kitu.

Hatua ya 6: Kuandika

Kaye (daftari) na kalamu. Kobo, ile programu ya simu ya kujazia fomu, ni nzuri, lakini ukishika simu unaangalia simu, haumwangalii mama. Jaza Kobo jioni.

Hatua ya 7: Kurudi

Kule Marekani sheria ya Smith-Lever ya 1914 iliwezesha vyuo vya kilimo kuwa na maajenti wanaokaa vijijini mwaka mzima. Sisi tuna sorti, basi lazima mtu wa pale pale abaki na kazi. Chagueni kijana mmoja wa kibarua na mama mmoja, wapite mashamba kila wiki, monitere awe na namba zao. Sehemu ya bajeti ya mafuta iwekwe pembeni ya kurudi kabla sorti ya kwanza haijaondoka, juu ikibaki kwa "tutaona" inaliwa yote. Mkirudi, anzeni na kuangalia vipande vya shina vilivyokatwa, kama vimechipuka tena vyenye dalili, vikatwe tena. Na yale mliyoandika mu kaye yasomwe kilimani, mbele ya mnunuzi na wale vijana, kabla hayajaingia mu memwari ya mtu, ile kazi ya kumaliza masomo.