Namna ya kuandika ubao wa ubingwa wa Green Bay Packers

Kazi yangu ni kuandika majina ya mashua, vibao vya maduka na mbao za ubingwa za timu hapa Lamu. Ubao wa timu ya mtaa hausumbui: jambo likikutatiza unamfuata nahodha wa zamani barazani, anakusimulia mpaka jua linakuchwa. Ubao wa timu ya mpira wa Kimarekani una mambo yake. Green Bay Packers walianza mwaka 1919, na tangu hapo kanuni za ligi yao zimegeuka mara nyingi. Kwa hiyo rekodi ya mwaka mmoja huwezi kuipima kwa kipimo cha mwaka mwingine. Mwongozo huu ni wa mwenye ukumbi wa televisheni, klabu au baraza anayetaka ubao ambao msomaji akiutazama ataelewa nini kilitokea.

Mimi nawapenda Packers kwa sababu ya mji wao. Green Bay, katika jimbo la Wisconsin, ni mji wa watu laki moja na ushei, na timu ni mali ya wananchi tangu 1923. Hisa zao hazina gawio, wala huwezi kuziuza kwa faida; mtu ananunua ili timu ibaki mjini. Sisi tunaojua klabu inayoishi kwa michango ya mtaa tunaelewa maana yake. Na klabu hiyo ya mji mdogo imechukua ubingwa mara 13, idadi ambayo hakuna timu nyingine ya NFL, ligi yao, iliyoifikia. Wanaoifuata, Chicago Bears, wana 9.

Anza na karatasi

Kabla hujagusa brashi, andika misimu yote 13 kwenye karatasi: 1929, 1930, 1931, 1936, 1939, 1944, 1961, 1962, 1965, 1966, 1967, 1996 na 2010. Hiyo ni miaka ya misimu, na hapa lazima uwe mwangalifu. Msimu huanza Septemba, na fainali yake, Super Bowl, siku hizi huchezwa Februari ya mwaka unaofuata. Super Bowl ya kwanza kabisa ilichezwa tarehe 15 Januari 1967, lakini ni ya msimu wa 1966. Ukiandika mwaka wa fainali kwa huu na mwaka wa msimu kwa ule, ubao wako utakuwa na ubingwa ambao haukuwahi kuwapo. Chagua mwaka wa msimu, uufuate kuanzia juu mpaka chini.

Kisha gawa safu nne: msimu, kocha, rekodi, fainali. Safu ya kocha ni nyepesi. Curly Lambeau, mmoja wa walioianzisha timu, ana sita za kwanza. Vince Lombardi ana tano za miaka ya sitini. Mike Holmgren ana ya 1996, na Mike McCarthy ana ya 2010.

Safu ya rekodi ndiyo inayowapoteza watu wetu. Kwenye soka tumezoea jedwali linalopanga ushindi, sare, kisha kushindwa. Wamarekani hupanga ushindi, kushindwa, na sare mwisho. Rekodi ya 1929 ni 12–0–1. Kijana wa mtaa wa Langoni akiisoma kisoka atakwambia walishinda 12 na kufungwa moja. Hapana, hawakufungwa hata na mmoja; walitoka sare moja tu, 0–0 na Frankford Yellow Jackets. Ndiyo maana mimi juu ya safu hiyo huandika kwa herufi ndogo: *shinda – shindwa – sare*. Inakula nafasi kidogo na inaokoa ubishi wa usiku mzima.

Safu ya fainali, na mwaka 1932

Kwa misimu mitatu ya kwanza safu ya fainali haina cha kuandikwa. Hapakuwa na fainali. Bingwa alipatikana kwa asilimia ya ushindi kwenye msimamo wa ligi, na timu hazikulazimika hata kucheza idadi sawa ya mechi. Usiache pengo tupu. Andika "msimamo wa ligi". Mtu akiona pengo atadhani fundi amesahau.

Hapa ningekuomba ukae kidogo na mwaka 1932, ingawa hauna ubingwa. Mwaka huo Packers walishinda mechi 10, wakashindwa 3, wakatoka sare 1. Bears walikuwa na ushindi 6, kushindwa 1 na sare 6. Portsmouth Spartans walikuwa na ushindi 6, kushindwa 1 na sare 4. Nani bingwa?

Kwa kanuni ya wakati ule sare haikuhesabiwa kabisa, kana kwamba mechi haikuchezwa. Chukua kalamu. Bears na Spartans kila mmoja ana 6 kati ya 7, karibu asilimia 86. Packers wana 10 kati ya 13, karibu asilimia 77. Timu iliyoshinda mechi 10 ikawa ya tatu, nyuma ya mbili zilizoshinda 6. Hizo mbili zikachezeshwa mechi ya ziada ndani ya ukumbi huko Chicago kwa sababu ya baridi kali, na Bears wakashinda 9–0.

Sasa piga hesabu hiyohiyo kwa kanuni iliyoanza 1972, ambapo sare ni nusu ya ushindi. Packers wanapata 10.5 kati ya 14, asilimia 75. Spartans 8 kati ya 11, karibu 73. Bears 9 kati ya 13, kama 69. Packers wangekuwa mabingwa kwa mwaka wa nne mfululizo. Lakini haki isemwe: walipoteza mechi zao mbili za mwisho, tena kwa timu hizohizo mbili, na kila mtu aliijua kanuni kabla ya msimu kuanza. Ubingwa ni wa Bears. Misimu ya ubingwa mimi huiandika kwa dhahabu; mwaka huu huuandika kwa herufi nyeupe ndogo, chini ya 1931, kwa sababu bila huo msomaji hawezi kujua jinsi mabingwa wa zamani walivyopatikana.

Kuanzia 1933 ligi iligawanywa sehemu mbili, na washindi wake wakakutana kwenye fainali. Packers walishinda ya 1936 dhidi ya Boston Redskins 21–6, ya 1939 dhidi ya New York Giants 27–0, na ya 1944 dhidi ya Giants haohao 14–7. Hiyo ni miaka ya Don Hutson, mdakaji aliyefunga mara 99 kwa mipira ya kudaka, wakati ambapo timu nyingi zilikuwa bado zinakimbia na mpira tu.

Miaka ya Lombardi

Kati ya 1944 na 1961 ubao una shimo la miaka mingi, na sikubali lipite kimya. Weka mstari mweupe wa 1958: 1–10–1. Ushindi mmoja msimu mzima! Mwaka uliofuata akaja Lombardi, akashinda 7 na kushindwa 5. Mwaka wa pili yake alifika fainali akafungwa na Philadelphia Eagles 17–13. Mwaka wa tatu akawafunga Giants 37–0, palepale Green Bay. Bila ule mstari wa 1958, hizo 37 hazina ladha.

Msimu wa 1962 ni 13–1, wa 1965 ni 10–3–1. Kwa misimu ya 1966 na 1967 safu ya fainali inahitaji mistari miwili, kwa kuwa wakati ule ligi zilikuwa mbili. Kwanza unakuwa bingwa wa NFL, kisha unakutana na bingwa wa AFL kwenye Super Bowl. Kwa hiyo 1966 andika Dallas Cowboys 34–27, na chini yake Kansas City Chiefs 35–10. Mwaka 1967 andika Cowboys 21–17, na chini yake Oakland Raiders 33–14. Wengi huandika Super Bowl peke yake. Mimi sioni sawa, maana mechi waliyoisumbukia ni ile na Dallas.

Ilikuwa tarehe 31 Desemba 1967, baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Sisi barafu tunaijua ya sanduku la samaki. Huko uwanja mzima uligeuka barafu baada ya mitambo ya kupasha joto iliyokuwa chini ya nyasi kushindwa kazi. Filimbi za marefa ziliganda, wakawa wanaamua kwa sauti. Zikiwa zimebaki sekunde 16, Packers wako nyuma 17–14, mpira hauko hata yadi moja kutoka mstari wa kufungia, na hawana tena ruhusa ya kusimamisha saa. Wangeweza kupiga teke wapate pointi 3 za sare. Bart Starr, aliyekuwa anaongoza mashambulizi, akaukumbatia mpira mwenyewe akajipenyeza nyuma ya mwenzake Jerry Kramer mpaka ndani. Nikifika mstari huu hupunguza mwendo wa brashi. Nataka herufi zake zitoke safi kuliko zote.

Ubingwa huo ulikuwa wa tatu mfululizo. Hakuna timu nyingine ya NFL iliyowahi kuchukua mitatu mfululizo, na Packers wamefanya hivyo mara mbili: 1929 hadi 1931, na 1965 hadi 1967. Unganisha kila mitatu kwa mstari wa wima pembeni.

Misimu ya karibuni

Msimu wa 1996 ni mwepesi kueleza. Rekodi 13–3, walifunga pointi 456 na kufungwa 210, wa kwanza kwenye ligi kwa yote mawili. Wakawashinda New England Patriots 35–21.

Msimu wa 2010 ndio utakaoulizwa. Kijana mmoja alisimama nyuma yangu nikiandika, akasema, "Fundi, hawa wa 2010 ni 10–6, na 2011 ni 15–1. Mbona dhahabu umewapa wa 10–6?"

"Kwa sababu, mwanangu, rekodi inakufikisha mlangoni tu. Ukishaingia mtoano, ukifungwa mara moja umekwenda nyumbani."

Mwaka 2010 waliingia mtoano wakiwa wa mwisho upande wao, nafasi ya sita. Wakashinda ugenini mara tatu, Philadelphia, Atlanta na Chicago, kisha wakawafunga Pittsburgh Steelers 31–25. Mwaka uliofuata walishinda mechi 15, wakafungwa na Giants 37–20 nyumbani kwao katika mechi yao ya kwanza ya mtoano. Andika 2011 kwa nyeupe ndogo chini ya 2010. Misimu hiyo miwili ikikaa pamoja, humwelewesha mtu mchezo huu upesi kuliko maelezo yangu yote.

Mbao na rangi

Chukua plaiwudi ya marini, futi 4 kwa 8, isimame wima. Inchi 12 za juu ni za jina la timu, 5 za vichwa vya safu, na kila msimu mpe inchi 5. Misimu 13 inakula 65, zinabaki 14 chini kwa ubingwa ujao. Usizijaze kwa mapambo. Herufi za ubingwa ziwe na urefu wa inchi 3, ili kati ya mstari na mstari zibaki 2, mahali pa ile nyeupe ndogo. Misimu miwili yenye fainali mbili, herufi za safu hiyo zipunguze nusu.

Piga msasa, paka rangi ya msingi pande zote mbili na kwenye kingo, kwani unyevu wa bahari huingilia kingoni. Mandhari iwe kijani kilichokoza. Dhahabu yao ni manjano ya embe lililoiva; usinunue ile ya kumetameta, hewa ya chumvi huiua upesi. Ukitaka kuwa mwaminifu zaidi, mistari sita ya Lambeau iwekee mandhari ya bluu, maana zamani zile walivaa sana bluu na dhahabu. Kijani kilishika kwa Lombardi, na nembo ya herufi G ilikuja 1961.

Kazi hii ifanye kaskazi, rangi ikauke vizuri. Wakati wa kusi utangoja mpaka uchoke. Pima mistari kwa uzi na chaki, andika, halafu kabla ya vanishi mwite mtu wa pili ashike karatasi akusomee kila namba wewe ukiigusa kwa kidole. Ukishapaka vanishi, kurekebisha ni kukwangua mpaka kwenye mbao.

Utundike karibu na televisheni, mstari wa 2010 usikae chini ya kifua cha mtu aliyesimama. Super Bowl huku kwetu huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na Packers wakiichukua vijana watataka mstari uandikwe hapohapo. Wape chaki. Rangi ingoje mchana, ukishapata rekodi kamili na jina la kocha.