Somo: Kuandaa lori la kreni kwa kazi ya kuondoa miti bila kuzidisha ekseli ya mbele

Hapa Tabora miembe mikubwa imesimama hadi ndani ya nyua za watu, na ikizeeka huangusha matawi juu ya mabati na nyaya za umeme. Mti wa aina hiyo haulazwi chini mzima mzima. Unashushwa kipande baada ya kipande, na lori lenye kreni nyuma ya kebini linaifanya kazi hiyo vizuri kwa sababu linanyanyua na kupakia hapohapo.

Shida ninayoiona kwa wengi wanaofunga kreni kwenye tandamu (lori la ekseli tatu, mbili za nyuma zikiwa pacha) ni kuhesabu uzito wa jumla peke yake. Lori la namna hii huzidisha kwenye ekseli ya mbele wakati uzito wa jumla bado uko mbali sana na kikomo. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye hatua ya pili.

Hatua ya kwanza: ijue mipaka

Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Ekseli ya usukani mwisho tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 10. Ekseli mbili pacha zenye matairi manane, tani 18. Kwa hiyo gari la ekseli mbili mwisho wake ni tani 18, tandamu tani 26. Gari lolote la kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupita mizani. Kibao cha mtengenezaji kikitaja uzito mdogo kuliko huo, fuata kibao.

Hatua ya pili: pima gari tupu, kisha tafuta mahali pa mzigo

Funga kila kitu kwanza: kreni, miguu yake inayoshushwa chini kulishikilia gari, bodi, sanduku la misumeno, mbao za kuwekea miguu. Jaza tenki. Dereva, opereta na mpandaji wa miti wakae ndani. Ndipo upime, kila ekseli na namba yake.

Chukua mfano wa tandamu ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya zile pacha za nyuma ni mita 4.6. Kreni ya tani 3 ikifungwa mita 1 nyuma ya ekseli ya mbele, karibu tani 2.35 za kreni hiyo zinabebwa na mbele. Tuseme gari hilo, na watu wake, linasoma tani 7.7 mbele na 5.6 nyuma. Jumla ni 13.3. Mwenye gari anaona amebakiwa na tani 12.7 za kupakia na anafurahi. Lakini mbele amebakiwa na kilo 300 tu.

Sasa pakia tani 6 za magogo. Kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 40 mbele ya katikati ya ekseli pacha, mbele inaongezeka 6 × 0.4 ÷ 4.6, yaani kilo 520. Inasoma tani 8.22, umeshazidisha. Magogo hayohayo yakisogezwa nyuma, kitovu kikawa sentimita 20 tu, nyongeza inakuwa kilo 260 na mbele inasoma 7.96. Umepita, kwa mzigo uleule.

Piga mstari wa rangi kwenye ubavu wa bodi, usawa wa katikati ya ekseli pacha. Magogo mazito yapangwe kuuzunguka mstari huo, na matawi mepesi ndiyo yaende mbele. Ila usirundike kila kitu mkiani, maana mbele ikiwa nyepesi mno usukani hautii.

Hatua ya tatu: jua uzito wa kipande kabla ya kukikata

Mti mbichi uuhesabu kama maji: kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Mkaratusi mbichi weka 1,100. Zungusha kamba kwenye shina, pima mzunguko kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa 0.08, kisha kwa urefu. Mzunguko wa mita 2 na urefu wa mita 2.5 ni 2 × 2 × 0.08 × 2.5 = 0.8, yaani kilo 800. Halafu soma jedwali la kreni kwa umbali ambao mkono utafika kweli. Kwa kazi ya miti mimi sipiti asilimia 60 ya namba hiyo, kwa sababu kipande kikiachia shina hutikisa mkono. Mkanda wa kunyanyulia ukifungwa kitanzi cha kukaba shina, nguvu yake hushuka hadi karibu asilimia 80.

Hatua ya nne: miguu

Mguu ukibeba tani 5 juu ya kisahani cha sentimita 25 kwa 25, ardhi inapata tani 80 kwa mita ya mraba. Weka ubao mnene wa sentimita 80 kwa 80, inashuka hadi tani 7.8. Kwenye mchanga wa Tabora tofauti hiyo ndiyo usalama wenyewe. Na muulize mwenye nyumba, tena muulize mzee wa nyumba, shimo la choo la zamani lilikuwa wapi. Mashimo mengi yamefukiwa juu juu tu, na jicho haliyaoni.

Maswali ya wanachama

*Dereva, Nzega:* Shikamoo fundi. Langu tupu linasoma 7,900 mbele. Nimepotea?

Marahaba. Hujapotea. Hamishia nyuma sanduku la vifaa na tenki la ziada. Ukisafiri, laza mkono wa kreni juu ya bodi badala ya kuukunja nyuma ya kebini, kama mtengenezaji anaruhusu. Pima tena. Isiposhuka vya kutosha, kreni ihamishiwe mkiani, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuimarisha chesi.

*Mwanachama, Ujiji:* Mwembe umeegemea waya. Naweza kukata nikiwa mwangalifu?

Hapana, ndugu yangu. Nenda TANESCO wazime laini, na usianze mpaka mtu wao amefika na kuthibitisha. Hata kwa waya wa jirani ambao hauugusi mti, mkono, mzigo na kamba visikaribie chini ya mita 3.

*Mwanachama, Urambo:* Magogo nikiyapeleka mjini kuna karatasi?

Ndiyo. Pita TFS, wakala wa huduma za misitu, upate hati ya kusafirishia kabla ya kuwasha gari.

*Opereta, Kasulu:* Kwetu ni milima. Nikiinua nyuma kwa miguu ili gari likae sawa, kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Breki ya mkono inashika matairi ya nyuma. Ukiyainua yasiguse ardhi, kinachozuia gari ni miguu peke yake. Tafuta sehemu iliyo tambarare zaidi, weka vigingi kwenye matairi ya mbele upande wa bondeni, na miguu ipunguze tu uzito kwenye springi huku matairi yakiendelea kukanyaga chini. Kama gari haliwezi kukaa sawa bila kuning'inia, mti huo ukatwe kwa kamba na mpandaji, kreni ibaki barabarani ikipakia.