Corpse Reviver namba 2 bila absinthi kuimeza jini yote

Kuna dogo mpya hapa kaunta kaniuliza mbona Corpse Reviver yake inanukia dawa ya kikohozi tu, jini haisikiki kabisa, basi ngoja niandike na wengine wafaidike. Kokteli hii imo kwenye kitabu cha mwaka 1930 cha Harry Craddock, mzee wa American Bar pale hoteli ya Savoy, London. Ilikuwa ya kuzimua asubuhi, ndo maana inaitwa mfufua maiti, ila mwenyewe kaonya ukipiga nne mfululizo maiti inakufa tena.

Hatua ya 1: glasi kwenye friza.

Hatua ya 2: kwenye sheka, yaani kikopo cha kutikisia, weka jini, Cointreau (likya ya machungwa), Lillet Blanc (mvinyo mweupe wa Kifaransa uliotiwa likya ya matunda) na maji ya limao, kila kimoja ml 25. Limao lile la njano, ndimu inakata mno. Jini iwe London dry, ile kavu ya kawaida, hizi za stroberi usiniletee. Na Lillet ya sasa sio ya Craddock, ile ya kwake iliitwa Kina Lillet, ilikuwa na uchungu wa kwinini, miaka ya 80 wakaipunguza makali, kwa hiyo mimi naweka Cocchi Americano, mvinyo wa Kiitaliano ambao bado una uchungu huo, na sibishani na mtu.

Hatua ya 3: absinthi, ile pombe kali ya anisi na pakanga (mmea mchungu), na hapa ndo watu wanaharibu. Kitabu kinataka dashi moja tu, yaani mchuruziko mdogo, sasa wewe unainamisha chupa zinamwagika ml 5, kitu ambacho mara nyingi kina pombe asilimia 60 na zaidi na harufu ya anisi isiyo na aibu, hapo hata ukiongeza jini hairudi, mwaga uanze upya. Nunua kichupa cha dropa. Matone 5 kwenye glasi ya baridi, zungusha ipake kuta zote, inayobaki chini mwaga. Wengine wanaitia kwenye sheka, sawa, ila hapo yawe 2 au 3 maana haimwagwi tena. Ikigusa maji ikawa nyeupe kama maziwa usishtuke, ni mafuta ya anisi hayo. Kama una pastis tu, pombe ya anisi ya Kifaransa iliyokuja baada ya Ufaransa kupiga marufuku absinthi 1915, itafaa, ila haina pakanga na ina sukari, punguza Cointreau kidogo. Na stori za absinthi kutia wazimu achana nazo, kinacholewesha ni pombe.

Hatua ya 4: barafu nyingi, tikisa mpaka sheka iume vidole, chuja, kamulia ganda la chungwa juu. Cheri mimi siweki, inakaa chini kuongeza sukari bure.