Chambavu: Kwa Nini Dawa Huchelewa Kuifikia Sumu

Masika yakianza kukolea huku Mombasa, simu yangu hulia alfajiri. Mara ni Mwakirunge, mara ni Mtongwe, na maneno ni yale yale: "Daktari, jana alikuwa mzima, leo anachechemea."

Mwaka mmoja niliitwa kwa mzee mwenye ng'ombe watano, na aliyeugua ni mtamba aliyenona kuliko wenzake. Mzee alinishika mkono akauweka juu ya paja la mnyama. "Hebu sikiza mwanangu, mbona panalia?" Nilipobonyeza, chini ya ngozi palichakarika kama mfuko wa nailoni unaokunjwa. Usiku paja lilikuwa la moto na linauma. Asubuhi ile lilikuwa la baridi, na mtamba hakushtuka hata kidogo nilipolikandamiza. Nilimdunga penisilini. Kabla ya alasiri akafa, na mzee akaniuliza, "Dawa si umempa?"

Swali lile ndilo linalonifanya niandike haya, kwa sababu wafugaji wengi huamini kwamba sindano ikiingia basi ugonjwa umetoka.

Chambavu, ugonjwa wa ng'ombe unaoua misuli, huletwa na bakteria aitwaye Clostridium chauvoei. Spora zake, yaani mbegu zake zenye ganda gumu, hukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Mvua na mafuriko huzifukua, na ng'ombe huzila pamoja na majani. Huweza kulala kimya ndani ya misuli mpaka msuli uumie: fimbo ya mchungaji, kugongana zizini, kusukumwa ndani ya lori. Hapo damu hupungua, oksijeni hupungua, na bakteria huyu asiyetaka oksijeni huamka.

Akishaamka, silaha yake ni sumu. Iko inayotoboa utando wa seli. Seli hubaki na matundu, ikavuja na kufa. Iko inayoyeyusha kile kinachoshikanisha seli moja na nyingine, na hivyo kuzifungulia sumu nyingine njia ya kupenya mbali zaidi. Mishipa midogo ya damu huharibika, damu huganda ndani yake, nyama hukosa hewa, na kila inavyokosa hewa ndivyo bakteria anavyozidi kustawi. Ile sauti ya kuchakarika ni gesi anayoitoa ndani ya nyama iliyokwisha kufa.

Basi jibu la mzee ni hili. Penisilini huua bakteria, lakini haizoi sumu iliyokwisha kumwagika wala haifufui nyama iliyooza. Tena dawa husafiri kwa damu; pale mishipa ilipokufa, haifiki. Ikitolewa saa za mwanzo kabisa, kwa kipimo kikubwa anachokipanga daktari, huenda ikamwokoa. Wengi hufa ndani ya siku moja au mbili, na uchungu wake ni kuwa wanaoshikwa zaidi ni wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 2, tena wale walioshiba.

Ndiyo maana nasisitiza chanjo, na ifanywe kabla ya mvua, kila mwaka. KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, hutengeneza hapa Kenya chanjo inayokinga kimeta na chambavu kwa sindano moja. Isafirishwe kwenye barafu. Joto letu la pwani huiharibu upesi. Na usimpe mnyama antibiotiki siku zinazokaribiana na chanjo hiyo, kwa kuwa upande wa kimeta una spora hai zilizodhoofishwa, na dawa itaziua kabla kinga haijajengeka.

Mnyama akifa ghafla, usimpasue wala kumchuna. Huenda ni kimeta, ambacho huua na watu. Hata kikiwa chambavu, ukipasua unamwaga spora kwenye zizi lako mwenyewe. Nyama isiliwe. Mwite afisa wa mifugo, kisha mzoga uchomwe au uzikwe shimo refu mahali alipofia.

Mwenye mbuzi wa maziwa naye ana adui wa aina hiyo. Staphylococcus aureus akiingia kwenye kiwele, sumu yake huweza kuua mishipa ya damu mle ndani. Kiwele huwa cha baridi, rangi ya buluu kisha nyeusi, na ukikamua hutoka maji mekundu. Upande ule haurudi tena, na mbuzi mwenyewe huweza kufa. Nawa mikono, osha chuchu na uzikaushe kwa kitambaa cha mnyama huyo peke yake, zichovye kwenye dawa ya ayodini ukimaliza, na mgonjwa akamuliwe mwisho.

Kwa ng'ombe, ndama akichechemea usikimbilie kutafuta mwiba kwenye kwato. Anza kwa kupapasa paja, bega, shingo na kiuno. Ukikuta uvimbe wa moto, au pakichakarika chini ya vidole, piga simu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.