Unataka kuuza hostingi? Anza na risela, seva yako itakuja

Mtu akishatengeneza tovuti tatu nne za WordPress anaanza kuwaza, mbona kila mwaka nawapelekea watu hela za hosti, yani kukodi nafasi kwenye seva (kompyuta inayowaka muda wote) ili tovuti ionekane mtandaoni, si nifungue yangu? Wazo zuri tu, shida ni kwamba akitoka hapo anakimbilia kukodi seva kubwa, leseni kanunua, logo kachora, mteja hata mmoja hana, miezi minne mbele bili imemshinda. Kabla hujatoa hela jiulize kitu kimoja: seva ikilala saa nane usiku, nani anaamka? Jibu la hapo ndo linakuchagulia njia.

Kama jibu ni "sijui" au "mimi lakini sijawahi", nenda na risela. Unanunua kifurushi kikubwa kwa kampuni, wanakupa WHM (paneli ya kusimamia akaunti za wateja wako), humo unakatakata vifurushi vidogo vya kwako na kila mteja anapata cPanel yake, paneli ya kusimamia tovuti na emaili zake. Neimuseva (seva zinazoelekeza jina la tovuti lilipo) unaziweka kwa domeini yako, zile ns1 na ns2, kwa hiyo mteja anakuona wewe tu. Mashine ikifa wanahangaika wao. Ubaya wake huna rut (mamlaka kamili juu ya seva), kuna vitu huwezi kugusa, na wao wakizembea anayetukanwa ni wewe.

VPS ni hatua nyingine kabisa. Hapo unapewa kipande cha seva na rut yake, yani fundi ni wewe, firewall wewe, apdeti wewe. Mi nakwambia kama hujawahi kuingia kwenye seva kwa SSH (kuiamuru kwa maandishi ukiwa mbali) ukasoma logi ukagundua mwenyewe kwa nini MySQL, hifadhidata ya tovuti, imekufa, usiweke biashara za watu humo. Jipime hivi: kodi VPS ndogo kabisa, weka Debian (mfumo endeshi wa Linux) na paneli ya bure kama HestiaCP, hamishia tovuti zako mwenyewe, kaa nayo miezi mitatu. Afu siku moja ifute yote kwa makusudi uirudishe kutoka kwenye bakapu, ukiwa na saa mkononi. Ukimaliza ndani ya masaa mawili bila kumpigia mtu simu, upo tayari.

Kukodi seva nzima au kununua mashine yako ukaipeleka data senta, hayo ni ya baadaye. Na seva ya sebuleni sahau, umeme ukikatika na biashara imekatika, na IP (anwani za mtandao) za nyumbani barua pepe zake hazipokelewi sehemu nyingi.

Kwenye paneli kumbuka kilichotokea 2019. cPanel walikuwa wanatoza kwa seva, wakahamia kutoza kwa idadi ya akaunti, na waliokuwa wamejaza akaunti mia kadhaa kwenye mashine moja hesabu zao zikaharibika ghafla. DirectAdmin ipo, Plesk ipo, za bure zipo. Wateja wameizoea cPanel kweli, ila bei yako usiikaze mpaka ikose nafasi ya leseni kupanda.

Sasa kuchagua kampuni ya kukupa hiyo risela. Usiangalie bei kwanza. Wafungulie tiketi kabla hujanunua, wikendi usiku, uliza swali la kueleweka: kikomo cha inodi kwa akaunti moja ni ngapi, mnatumia CloudLinux (mfumo unaozuia akaunti moja isimeze nguvu ya seva yote), bakapu zinakaa wapi? Wakikujibu kwa maneno ya kukopi na kupesti ujue na siku ya moto utajibiwa hivohivo. Swali la inodi si la kujionyesha. Kila faili moja ni inodi moja, na kwenye seva nyingi kila barua pepe ni faili lake. Nilikuwa na mteja ana GB 20, katumia 4 tu, na bado anaambiwa akaunti imejaa, kumbe meneja wake hajawahi kufuta emaili tangu wafungue ofisi. Ndo maana hizo hosti za "bila kikomo" mi huwa nacheka, kikomo kipo, kimefichwa kwenye masharti.

Na tukishagusa emaili tukae hapohapo maana ndo itakayokunyima usingizi kuliko tovuti. Tovuti ikilala nusu saa wengine hata hawajui, ila bosi invoisi yake isipofika kwa mteja anakupigia palepale. Kwenye IP moja mnakaa wengi, mmoja akiwa na plagini ya zamani anadukuliwa, usiku mmoja akaunti yake inatuma spamu maelfu, IP inaingia kwenye orodha za Spamhaus (wanaoorodhesha watuma spamu), asubuhi emaili za wote zinagoma. Mimi ilinikuta nikiwa na VPS yangu ya kwanza, nikaandika amri ya exim -bpc kuhesabu foleni ya emaili zinazosubiri kutumwa nikaona namba ya tarakimu tano, na wateja wenyewe hawakufika 20! Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa weka kikomo cha emaili kwa saa kwa kila akaunti, weka SPF, DKIM na DMARC (rekodi zinazothibitisha emaili imetoka kwako kweli) kwa kila domeini, na hakikisha PTR ya IP, yani jina ambalo IP inaonyesha, inaendana na jina la seva. Tangu Februari 2024 Gmail wamekaza zaidi, hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM. Na ukienda VPS uliza kama poti 25, mlango wa kutumia emaili, iko wazi, wengi wanaifunga.

Bakapu: ile ya kampuni haitoshi. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na kuna watu bakapu zao zilikuwa eneo hilohilo, zikaenda zote. Weka nakala yako kampuni nyingine, mji mwingine, kila usiku, na mara moja kwa mwezi chukua akaunti moja uirudishe uone kama inafunguka.

Usiahidi asilimia mia. Hata 99.9 ni kama dakika 43 za kulala kwa mwezi, ukiahidi hiyo ujue unaahidi nini.

Wateja wa kwanza ni wale uliowatengenezea tovuti, usitangaze popote mpaka hao wametulia. Mpaka wafike 15 hivi jedwali la Excel linatosha kujua nani anaisha lini, WHMCS (programu ya bili na wateja wa hostingi) itakuja. Ukiwahamisha, jana yake shusha TTL ya DNS (muda ambao mitandao inakumbuka anwani ya zamani) iwe sekunde 300, hamisha usiku, na akaunti ya zamani usiifute mpaka wiki mbili zipite, kuna emaili huwa zinachelewa zinaangukia kule. Na domeini isajili kwa jina la mteja, sio lako, hata akikuomba "we weka tu jina lako tutabadilisha".