Somo: Kufuata ombi moja kupitia huduma zako zote

Kwa wiki mbili hapa Arusha tulihangaika na ukurasa wa kulipia safari za Ngorongoro. Mteja anabonyeza, anasubiri sekunde tisa. Mwenye huduma ya nafasi anafungua logi zake: sawa. Wa malipo: sawa. Wote walikuwa wakweli, maana kila mmoja aliona kipande chake tu.

Ukituma kifurushi kwa basi kutoka Moshi, karani anakiandikia namba, na namba hiyohiyo ndiyo inayosomwa kikishushwa Arusha. Ombi nalo lipewe namba moja, na kila huduma linakopita iandike lilianza lini na kumaliza lini. Kipande hicho huitwa spani, na spani zote za ombi moja kwa pamoja ndiyo safari ya ombi hilo.

Mfano wangu ni wa Python na Flask.

1. Washa Jaeger, ndiyo itakayopokea na kuonyesha spani:

`docker run -d -p 127.0.0.1:16686:16686 -p 127.0.0.1:4317:4317 jaegertracing/jaeger:2.0.0`

Hiyo 127.0.0.1 usiifute. Bila hiyo, mtu yeyote anayeifikia seva yako anaweza kusoma safari za maombi ya wateja.

2. Sakinisha OpenTelemetry, ndiyo itakayoandika spani na kuzituma kwa Jaeger:

`pip install opentelemetry-distro opentelemetry-exporter-otlp`
`opentelemetry-bootstrap -a install`

3. Endesha kila huduma kwa jina lake:

`OTEL_SERVICE_NAME=malipo opentelemetry-instrument flask run --no-reload`

Ukisahau `--no-reload`, Flask ikiwa kwenye debug hutaona spani hata moja.

4. Hapa ndipo wengi hukwama. Namba husafiri ndani ya heda (maelezo yanayoambatana na ombi) iitwayo `traceparent`: toleo, tarakimu 32 za safari nzima, 16 za spani iliyotuma, kisha mbili za alama. Ukiita huduma nyingine kwa `requests`, heda inawekwa yenyewe. Lakini kama una foleni uliyoiandika mwenyewe juu ya Redis, hakuna atakayekubebea. Tumia `inject()` unapoweka kazi kwenye foleni, na `extract()` unapoitoa. Pasipofanyika hivyo, safari moja inaonekana mbili zisizojuana.

Sasa fungua localhost:16686. Sisi tuliona mistari mifupi 38 imepangana kama ngazi: huduma ya nafasi ilikuwa inauliza databesi bei ya chumba kimojakimoja. Tukazikusanya kwenye swali moja, ukurasa ukafunguka chini ya sekunde.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mteja akilipa kwa simu, majibu ya kampuni ya simu yanarudi baadaye bila hiyo heda. Nafanyaje?*
Hawatakurudishia, kaka. Hifadhi `traceparent` kwenye safu ya oda. Majibu yakifika, anzisha safari mpya na uiunganishe na ile ya kwanza kwa linki. Usiirefushe ya zamani, mteja anaweza kuweka namba ya siri baada ya dakika kumi na vipimo vyako vyote vikaharibika.

*Seva yangu ina RAM ya GB 1. Itabeba?*
Chukua sehemu tu, dada: `OTEL_TRACES_SAMPLER=parentbased_traceidratio` na `OTEL_TRACES_SAMPLER_ARG=0.1`, ni ombi moja kati ya kumi. Uamuzi hufanyika ombi linapoanza, kwa hiyo kosa la nadra linaweza kukupita. Pia Jaeger ya hatua ya 1 inatunza kila kitu kwenye RAM. Ukiizima, vyote vimepotea.

*Naweza kuweka namba ya simu ya mteja kwenye spani ili nimtafute haraka?*
Hapana. Weka namba ya oda.