Wakili mwenye ADHD (hali inayofanya umakini na kufuatilia muda kuwa vigumu): hesabu siku za rufaa kabla hujatoka mahakamani

Hukumu ikishasomwa, andika tarehe tatu juu ya jalada la faili papo hapo, kwa kalamu ya wino mzito. Kwa rufaa za madai katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania: notisi ya rufaa, siku 30 tangu uamuzi; kumpa mjibu rufani (upande wa pili) nakala yake, siku 14 tangu notisi iwasilishwe; kumbukumbu za rufaa (kitabu cha nyaraka za kesi), siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Andika tarehe yenyewe. Ukiandika "siku 60", kichwa chenye ADHD kinasoma "bado sana".

Kinachoponza wengi ni barua ya kuomba nakala za mwenendo (maandishi ya yaliyojiri mahakamani). Nayo ina siku 30 tangu uamuzi, na mjibu rufani lazima apewe nakala. Bila hiyo, siku ulizosubiri mwenendo uchapwe hazitatolewa kwenye hesabu yako ya siku 60. Barua hiyo iambatanishe na notisi kwa pini, zitoke ofisini pamoja.

Kengele ya simu peke yake haifai kitu, utaizima katikati ya kazi nyingine. Karani akuulize siku saba kabla ya kila tarehe: "Risiti ya masijala (ofisi ya mahakama inayopokea nyaraka) iko wapi?" Akiuliza "Umemaliza?" utasema ndiyo, kumbe una rasimu tu.